Tulinunua Mchana, Tukauza Jioni

SWALI: Shikamoo meku. Mimi nauza jezi na mitumba hapa Memorial, Moshi, na ni Manchester United wa damu. Dirisha kubwa la usajili la mwaka 2025 limeniacha njia panda. Tumetoa zaidi ya pauni milioni 200, wamekuja washambuliaji watatu, kiungo mkabaji hata wa kusingiziwa hakuna. Garnacho tumewaachia Chelsea kwa milioni 40, halafu Šeško tumemchukua kwa 74. Højlund naye amekwenda kwa mkopo, kwa nini asiuzwe moja kwa moja tukapata hela ya kiungo? Jamaa zangu wa Arsenal pale kibanda umiza wanasema viongozi wetu hawajui hesabu. Ni kweli? Na mwisho, nimebaki na jezi za Garnacho na Rashford kwenye fremu yangu, nifanyeje nazo?

JIBU: Marahaba, mangi. Hesabu wanazijua. Klabu yetu imo kwenye soko la hisa la New York, kwa hiyo vitabu vyake hutolewa hadharani, na mtu mwenye simu na subira anaweza kuvisoma. Mimi nimekuwa mhasibu maisha yangu yote ya kazi, na United nimeipenda tangu ule usiku wa Mei 1999 pale Barcelona, Sheringham akasawazisha na Solskjær akamaliza kazi. Kwa hiyo unajibiwa na mtu mwenye kidonda kama chako.

Maoni yangu nayasema mapema ili usiyatafute: kununua tulinunua vizuri, kuuza tuliuza vibaya, na kiungo unayemlilia alishaliwa zamani kwenye madirisha yaliyopita.

Tuanze na hizo 74, kwa sababu hapo ndipo wengi mnapotea. Bei unayoisikia redioni siyo inayoandikwa kitabuni kwa mwaka mmoja. Wewe una fremu. Mwenye nyumba wa mjini hapa hakupangishi kwa mwezi mmoja mmoja, anataka miezi sita, na akijua eneo lina biashara anataka mwaka. Tuseme Januari unamhesabia milioni 2 na laki 4 za mwaka mzima. Ukiandika zote kuwa gharama ya Januari, utalia mwezi huo, kisha Februari mpaka Desemba utajiona tajiri, kumbe unajidanganya. Mhasibu atakwambia ugawe kwa 12, kila mwezi ubebe laki mbili zake.

Mchezaji naye ni fremu, na miaka ya mkataba wake ndiyo miezi ya kodi. Leipzig walikubali kumwachia Šeško kwa pauni milioni 66.4, na bonasi za milioni 7.3 ndizo zinazofikisha hiyo unayoiita 74. Mkataba ni wa miaka 5. Gawanya 66.4 kwa 5, unapata milioni 13.3 kwa mwaka. Cunha alikuwa na kifungu cha kuvunja mkataba pale Wolves, milioni 62.5, nayo ukiigawa inatoa 12.5 kwa mwaka. Mbeumo kutoka Brentford, milioni 65 kabla ya bonasi, ni 13 kwa mwaka. Ongeza kipa Lammens kutoka Antwerp, milioni 18.1, ambaye mzigo wake kwa mwaka ni milioni 3.6. Jumla ya wote wanne ni pauni milioni 212, lakini kitabu cha msimu wa 2025/26 kinabeba milioni 42 na ushee tu, ukiacha mishahara.

Chelsea walikuwa wa kwanza kuuchezea mchezo huu kwa fujo. Januari 2023 walimchukua Mudryk na Enzo Fernández kwa mikataba ya miaka 8 na nusu, na Agosti mwaka huo huo Caicedo akasaini miaka 8. Ukigawa kwa 8, hata milioni 100 inaonekana ndogo. UEFA walishtuka, wakaweka kikomo cha kugawa kwa miaka 5, na Desemba 2023 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza nazo zikapiga kura kufuata. Sasa unaweza kumpa mchezaji mkataba wa miaka 10 ukipenda, kalamu ya mhasibu inaishia mwaka wa 5.

Usichanganye kitabu na mfuko. Hela yenyewe hutoka kwa awamu, na hapa hatuhitaji mfano wa mbali. Mkulima wa Kibosho akipeleka kahawa chama cha msingi anapata malipo ya awali, kisha kahawa ikipigwa mnada na bei ikawa nzuri, anasubiri malipo ya pili. Bonasi za usajili ndizo malipo ya pili hayo. Mchezaji akifikisha mabao fulani, timu ikifuzu Ulaya, ndipo muuzaji analipwa iliyobaki. Ada ya msingi nayo mara nyingi hugawanywa kwa miaka. United inadaiwa na klabu nyingine mamia ya mamilioni ya pauni za wachezaji iliokwisha kuwanunua. Soma sentensi hiyo mara mbili kabla hujauliza tena habari ya kiungo.

Sasa Garnacho. Huyu alichukuliwa Atlético Madrid mwaka 2020 akiwa kinda, kwa hela ambayo kwa viwango vya klabu hizi ni nauli tu. Kwenye kitabu hana kodi yoyote iliyobaki. Chelsea wakitoa milioni 40, karibu zote zinaingia kama faida, na zinaingia zote kwa mkupuo, hazigawanywi kwa miaka. Pauni moja ni zaidi ya shilingi 3,000, kwa hiyo unazungumzia zaidi ya shilingi bilioni 120 za faida iliyoandikwa siku moja. Ndiyo maana vijana wa akademi ndio wanaouzwa kila mahali. Newcastle walimtoa Elliot Anderson, mtoto wao wenyewe, Juni 2024, siku chache kabla ya kufunga hesabu. Chelsea walimuuza Mount kwetu mwaka 2023. Kanuni zilizowekwa ili klabu zisifilisike zimeishia kuwafanya watoto wa nyumbani kuwa bidhaa ya kwanza ya kupelekwa sokoni. Mimi jambo hilo linaniudhi, lakini hesabu haina huruma.

Kwa hiyo usiweke 40 na 74 kwenye mizani moja. Kwenye kitabu cha msimu wa 2025/26 Garnacho ameleta karibu 40 na Šeško amekula 13. Isitoshe tumebaki na asilimia 10 ya mauzo yake ya baadaye. Kama milioni 40 ilikuwa bei ya haki kwa winga wa miaka 21, hilo ni swali jingine, na jibu langu ni hapana.

Højlund ndiye anayefundisha zaidi, naye nitakaa kidogo. Alinunuliwa Atalanta mwaka 2023 kwa milioni 64 bila bonasi, mkataba wa miaka 5. Kwa mwaka ni 12.8. Amekaa miaka 2, kwa hiyo zimeshaliwa 25.6, zimebaki 38.4. Hiyo 38.4 ndiyo thamani yake kitabuni. Ukimuuza kwa 45, unaandika faida ya 6 na kitu. Ukimuuza kwa 25, unaandika hasara ya 13 siku hiyo hiyo, kanuni iko mlangoni inakusubiri. Unadhani ni nani angetoa 38 taslimu kwa mshambuliaji aliyefunga mabao 4 ya ligi msimu mzima? Hayupo. Basi Napoli wakaja na mkopo ambao unageuka kununua wakifuzu Ligi ya Mabingwa, na bei iliyotajwa ni euro milioni 44. Geuza ziwe pauni: 38 hivi. Umeona? Waliokaa kwenye ile meza walikuwa na karatasi yenye namba kama hii yangu mbele yao.

Mkopo, kwa hiyo, ni kununua muda. Unasogeza kilio mwaka mmoja mbele, kodi inaendelea kuliwa, mchezaji akiwika bei inapanda. Asipowika, mwakani thamani ya kitabuni imeshuka hadi 25.6 na unaweza kumtoa kwa bei ya chini bila doa kubwa. Ni akili. Ila ni akili ya mtu aliyebanwa.

Antony ndiye alitufundisha kwa fimbo. Milioni 81.3 mwaka 2022, miaka 5, yaani 16 na ushee kila mwaka. Baada ya miaka 3 kwa kalamu ya kawaida zinabaki 32 na nusu. Betis wametoa euro milioni 22 na bonasi kidogo, pauni kama 19 za uhakika. Pengo hilo umelipa wewe, na mimi, na kila aliyenunua jezi.

Haya, tuje kwenye jioni.

Wewe unaijua jioni kuliko mimi. Saa 4 asubuhi belo limefunguliwa, jinzi ya kwanza inatoka kwa bei unayoitaka, mteja anabembeleza, wewe unaangalia pembeni. Saa 11 jioni mteja yule yule anapita taratibu, ameshaona unakunja turubai, ameshasikia unamwambia jirani kwamba kesho una mzigo mpya. Anakutajia nusu ya bei, na unampa. Jinzi haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba amejua unataka kuondoka.

Julai 2025 klabu yetu ilikunja turubai mchana kweupe. Rashford, Garnacho, Sancho, Antony na Malacia walitengwa na kikosi, wakapangiwa mazoezi yao peke yao, na dunia nzima ikajua kuwa hawatakiwi. Namwelewa kocha aliyetaka kusafisha chumba cha kubadilishia nguo. Lakini kocha huyo, Amorim, hakuwa muuzaji, na muuzaji alipaswa kumwambia: subiri, tutabasamu nao mpaka wauzike. Baada ya pale kila klabu ya Ulaya ikakaa kivulini kusubiri saa 11. Garnacho aliondoka siku za mwisho. Sancho akaenda Aston Villa kwa mkopo siku ya mwisho kabisa, Septemba 1, dirisha likiwa linafungwa saa 3 usiku kwa saa zetu. Malacia hakupata pa kwenda. Rashford, aliyekulia kwetu na ambaye kila senti yake ingekuwa faida, amekwenda Barcelona kwa mkopo, na hela ya maana itakuja tu wakiamua kumnunua.

Kisa cha Sancho nitakipitisha haraka kwa sababu kinaniuma. Msimu uliotangulia alikuwa Chelsea kwa mkopo wenye sharti la kumnunua. Chelsea wakaona heri walipe faini ya pauni milioni 5 kuliko kubaki naye. Mteja amelipia ili asichukue mzigo! Miaka yangu yote ya vitabu nilikuwa sijaona.

Linganisha na hao hao Chelsea wanapouza. Dirisha hilo walikusanya zaidi ya pauni milioni 200 kwa mauzo. Madueke walimnunua PSV kwa milioni 29 hivi, wakampeleka Arsenal kwa zaidi ya 48. Hawakutangaza kwamba hawamtaki kabla mteja hajaingia dukani. Brighton nao ni wagumu kama mama muuza ndizi wa Mbuyuni anayejua Jumamosi bado haijaisha. Caicedo walimchukua Ecuador kwa pauni milioni 4 au 5, wakamwachia Chelsea kwa 100 na bonasi za 15. Agosti 2025 United ilipopiga hodi kwa kiungo wao Carlos Baleba, hawakutaka kuuza, na bei zilizotajwa zilipita milioni 100.

Hapo sasa tumefika kwa kiungo wako.

Jiulize kwanza mshambuliaji alikuwa na haraka kiasi gani. Msimu wa 2024/25 tulimaliza nafasi ya 15, pointi 42, hali mbaya kuliko zote tangu tuliposhuka daraja mwaka 1974. Mabao 44 kwa mechi 38. Mbeumo peke yake alifunga 20 akiwa Brentford, Cunha 15 akiwa Wolves, na wote wawili wameshaijua ligi, hawaji kujifunza baridi. Mfumo wa Amorim ulitaka namba 10 wawili, yaani viungo washambuliaji, nyuma ya mshambuliaji mmoja, na ukiwatazama hao watatu wanakaa humo kama funguo kwenye kitasa. Kwa hiyo nikiambiwa nichague paa au ukuta nyumba ikiwa inavuja, naanza na paa. Hilo silipingi.

Tatizo ni kwamba mfumo ule ule ulibakiza viungo wawili tu katikati, na Bruno Fernandes alirudishwa hapo chini kufanya kazi ambayo siyo yake. Casemiro alikuwa na miaka 33. Ugarte tulimchukua PSG mwaka 2024 na alikuwa bado hajatulia. Mainoo alitaka kutoka kwa mkopo akakataliwa. Kwa hiyo pengo lipo, unaliona wewe kwenye benchi la mbao, na wao wanaliona kutoka jukwaa kuu. Walilikosa kwa sababu tatu, na zote zinahusu hela. Hatuna mashindano ya Ulaya msimu wa 2025/26, maana fainali ya Ligi ya Europa kule Bilbao tulipigwa 1-0 na Tottenham. Ukikosa Ligi ya Mabingwa, hata mkataba wa jezi na Adidas unakatwa pauni milioni 10. Hela ya mauzo imekuja jioni, mwisho wa Agosti, wakati ambapo hakuna klabu inayouza kiungo wake bila kukamua. Na madeni ya awamu niliyokutajia yanadai kila mwaka kabla hujanunua hata soksi.

Kanuni yenyewe inayowatia hofu ni rahisi kuisema. Hadi msimu wa 2025/26 klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa hairuhusiwi kupata hasara inayozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu ikijumlishwa, baada ya kuondoa matumizi mema kama akademi, soka la wanawake na ujenzi. Vitabu vyetu vilivyotoka Septemba 2025 vinaonyesha mapato ya rekodi, pauni milioni 666.5, na bado hasara ya milioni 33. Mwaka uliotangulia hasara ilikuwa milioni 113.2. Sizipeleki namba hizo moja kwa moja kwenye kanuni, kwa sababu ya yale makato, lakini unaona mtu anayezitazama hana usingizi. Everton walinyang'anywa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa 6 kwa rufaa, kisha wakaongezewa adhabu ya 2.

Cha Nottingham Forest ndicho kitakuchekesha, au kukuliza. Hesabu zao zinafungwa Juni 30. Walikuwa na kijana wao wa akademi, Brennan Johnson, faida tupu kitabuni. Waliona wakisubiri hadi mwisho wa dirisha watapata zaidi, na kweli Septemba 1, 2023 Tottenham walitoa milioni 47.5. Bei nzuri, ila tarehe mbaya: faida ikaangukia mwaka unaofuata, na Machi 2024 Forest wakakatwa pointi 4. Kwa hiyo kuna jioni ya kuuza hasara na kuna jioni ya kuuza ukiwa umeshachelewa kitabu. Na huyo Johnson aliyeuzwa kwa kuchelewa ndiye aliyetufunga pale Bilbao. Mpira una kejeli zake.

Kuhusu jamaa zako wa Arsenal: waambie wapunguze kelele. Nao wametoa pauni milioni 250 hivi kwa Gyökeres, Eze, Zubimendi, Madueke na wengine, na mauzo yao yalikuwa haba kuliko yetu. Eze wenyewe walimwacha akiwa na miaka 13, wakaja kumnunua kwa 60 na bonasi juu. Wanachotuzidi ni kwamba tangu 2023 kila mwaka wanakula Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo fremu yao ina wateja. Liverpool ndio sitaki hata kuwataja, Isak peke yake milioni 125. Ila walikuwa wamebeba ubingwa na walikuwa na mauzo: Díaz kwenda Bayern, Núñez kwenda Al-Hilal.

Unaweza kusema, meku, wewe mwenye kalamu ungefanya nini? Nimewahi kukaa kwenye hicho kiti, kidogo. Nilikuwa mweka hazina wa timu moja ya madaraja ya chini hapa mkoani. Tulikuwa na winga, mtoto wa Pasua, mguu wa kushoto, mbio kama ameiba. Klabu kubwa ikamtaka. Walikuja watu wawili na gari, tukakaa hotelini, tukala mtori na nyama choma walivyolipa wao, na makubaliano yakawa jezi seti moja, mipira, fedha za nauli, na asilimia 20 akiuzwa nje. Asilimia hiyo ilisemwa mdomoni. Mimi niliiandika kwenye daftari langu, mstari mmoja, na mwenyekiti akasema hawa ni watu wazima, tusiwachoshe kwa sahihi. Miaka miwili baadaye mtoto akauzwa nje ya nchi. Tulipopiga simu, tuliambiwa makubaliano hayo hayapo.

FIFA ina njia kwa watu kama sisi. Mchezaji akihamia nchi nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Miaka ya mwanzo minne kila mmoja ni robo asilimia, inayofuata ni nusu nusu. Hata mdomo ukisaliti, karatasi inakulinda. Nikaenda kabatini kutafuta fomu zake za usajili. Msimu mmoja ameandikwa kwa jina la ubatizo na la baba, msimu wa pili kwa jina la utani, msimu wa tatu fomu ilikuwa imeloa ikashikana na risiti ya mipira. Tarehe za kuzaliwa mbili tofauti. Hatukupata hata shilingi, na kosa lile siwezi kumsukumia mtu mwingine, mweka hazina nilikuwa mimi.

Ndiyo maana nikiona United wamebakiza asilimia 10 ya Garnacho kwa maandishi, nafurahi kidogo hata kama bei imenikera. Na swali lako nalijibu hivi: ningekuwa mimi, ningefanya mauzo Juni, kimya kimya, wachezaji wakiwa bado wanapigwa picha na tabasamu, kisha ningekwenda kwa kiungo mwezi Julai nikiwa na hela mkononi. Hata kama ningempata wa milioni 40 tu na siyo Baleba. Šeško ningemwacha mpaka nijue. Najua hapo tutagombana, maana kijana alikuja akiwa na miaka 22, ana urefu, ana mbio, na mimi nawaza kiuhasibu. Lakini kumbuka Agosti 27, 2025, kule Grimsby, timu ya daraja la 4. Mechi ilianza saa 4 usiku kwetu, nilikuwa Majengo kwenye kibanda, jero ya kiingilio, na tulipofika penalti wengi walishalala kwenye viti. Tukatoka kwa 12-11, Cunha amekosa, Mbeumo amegonga mwamba. Washambuliaji wapya wote walikuwa uwanjani. Kilichotuua dakika 90 kilikuwa katikati, na golini.

Kipa nimemsahau makusudi. Lammens ni kijana, Antwerp walimwachia kwa bei ya kawaida, ngoja tumwone.

Sasa jezi zako. Garnacho alivaa 17, na kwa Chelsea amevaa 49, kwa hiyo hata shabiki wa Chelsea hataitaka. Usizitundike mbele pamoja na mpya, mteja ataanza kushika bei chini. Ziweke ndani, wauzie wanaotaka jezi ya mazoezi Ushirika, bei ya jioni, zitoke. Za Rashford ni tofauti. Alikuwa namba 10, na 10 sasa ni ya Cunha. Chukua pasi, weka kitambaa juu ya jina, pasha taratibu mpaka gundi ilegee, bandua herufi moja moja kuanzia R, namba usiiguse. Kisha tafuta herufi tano za kubandika, hakikisha zinafanana na namba kwa rangi, na uziuze asubuhi.